Gita ya Husni Imepanda Sauti

Gitega, tarehe 9 mwezi wa tatu 1997

Kadidja mwanangu, asalam aleikum.

Maneno ni yangu, mkono ni ya Béatrice. We humjue, alikuja nyuma yako kuondoka. Ni Mukongomani wa Bukavu, alikimbia vita yao akaingia mu vita yetu, anauza vitenge mu soko, na amepanga kile chumba mlikuwa mnalala na Husni. Usikasirike. Chumba ikikaa bure, panya wanazaa. Vitu yako nimeweka kwangu, hata ile sahani ya maua. Huyu Béatrice alitaka kuanza na "dhumuni la barua", nikamwambia futa, mi sina dhumuni, niko na mtoto.

Husni iko hai.

Bon. Béatrice anasema nieleze tangu mwanzo, ukisoma hivyo tu utaanguka. Kaa chini basi. Umekaa?

Béatrice alienda na vitenge vyake Gashoho, huko kwenu Muyinga, na mu soko ya Gashoho kuna mtu anauza kaseti zinatoka makambi ya wakimbizi ya Tanzania. Akasikia moja ya gita tupu, hakuna mtu anaimba. Wakongomani we unawajua, ukipiga gita mbele yao wanasahau kununua chumvi. Akainunua. Amefika hapa akaiweka mu radio yake. Mi nilikuwa natawadha, alasiri imefika. Kadidja, maji yote ikanimwagikia mu miguu, na udhu yenyewe sijue ilienda wapi.

Ni ile yake ya pale mlangoni. Ile haina jina. Mkono inaenda, inaenda, halafu inarudi kama mtu amesahau kitu mu nyumba, halafu inatoka tena. Nani mwengine anapiga hivyo? Baba yake alikuwa anamwambia, we mtoto, utoke ama uingie, unafungulia nzi mlango. Marehemu alikuwa na maneno. Lakini hiyo si habari yetu.

Sasa sikiliza, hapa njo akili inaingia. Gita ya Husni sauti yake ilikuwa nzito, unakumbuka, inapiga hata mu tumbo. Na ile gita ilikufa. Ule mwezi wa kumi wa 1993 alienda nayo Bugendana mu harusi, vita ikaanza, yeye hakurudi, na wale walikimbia huko wakatuletea shingo ya gita tu, nyuzi mbili zinaning'inia. Mi ninayo, iko hapa juu ya kabati. Lakini gita ya kaseti sauti yake imepanda. Ni nyembamba, ni ya haraka, ni kama mtoto wa ile gita yetu. Donc ni gita ingine. Na kama ni gita ingine, ameipiga baada ya Bugendana. Mtu akifa hanunue gita, Kadidja.

Kitu kingine, na hii nikwambie mi mwenyewe kabla hujasikia. Kule nyuma ya gita kuna mwanamke anafoka. Sauti kama msichana. Anasema mbio mbio kama kuku ametoka kutaga, maneno siyasikie, ila mwisho anasema "wangu". Kitu gani wangu? Mi nafikiri "mume wangu". Usitie mu roho. Mtu peke yake kambini atakula nini?

Nasikia sheikh wa huko anahesabu miaka mine ya mume kupotea, na ikifika mwezi wa kumi atakuingiza eda, kisha Radjabu wa mawese akuoe. Radjabu simtukane. Anasali, halewi, ingawa anatembea kama mtu amemeza mtungi. Lakini mwambie sheikh asimamishe. Mke ya mtu iko hai haingii eda. Nimempa Béatrice hiyo kaseti akuletee, usikie na masikio yako, sheikh naye asikie, halafu mnirudishie. Ni yangu.

Ni mimi Zuena, mama ya Husni. Nimeweka dole.


Muyinga, 2 Mei 1997

Mama, shikamoo.

Béatrice amefika salama. Walisafiri nyuma ya magari ya jeshi, wakalala Karusi kwa sababu mbele kulikuwa na risasi. Atakueleza mwenyewe.

Kaseti nimeisikiliza. Nilifunga mlango kwanza. Ni mkono wake, Mama, siwezi kukudanganya wala kujidanganya.

Ila wewe umeniambia habari ya mwanamke kama mtu anayeniambia kumenyesha. Nimemsikia na mimi. Nimesikia hiyo "wangu". Miaka yote hii nimekaa kwa baba yangu, nalala na dada zangu kitanda kimoja kama sijaolewa, wakija watu mlangoni nawafukuza, nasema nina mume. Kumbe mwenzangu anapikiwa, na anayempikia anafoka kabisa, hana hata haya.

Nimempelekea sheikh habari. Amesimamisha kila kitu. Amesema kama mume yu hai hakuna eda, kuna talaka au hakuna kitu. Radjabu alikuwepo. Alisema "Alhamdulillahi kama yu hai", akachukua kofia yake akatoka. Hajarudi tena kwetu.

Kwa hiyo Husni aje au anipe talaka yangu. Kama unajua njia ya kumfikishia maneno, mfikishie hayo tu.

Kaseti nitakaa nayo kidogo. Hapa kuna fundi wa radio anaitwa Saidi, ana mashine nzuri kuliko ya Béatrice. Nataka nisikie huyo mwanamke anasema nini. Mengine nayajua.

Kadidja


Gitega, tarehe 6 mwezi wa saba 1997

Kadidja, mukazana wangu, mke ya mwanangu, amani iwe kwako.

Barua yako nimesomewa mara nyingi mpaka Béatrice amekasirika. We uko na hasira na hasira yako ni ya haki. Sasa nisikilize mi mtu mzima.

Baba ya Husni alikuwa na mwanamke kule Gishubi. Hukujua hiyo. Nilipojua nililia, nikarudi kwa mama yangu, mama akanipa chakula akaniambia rudi. Nikarudi. Nikaendelea kulia mpaka nikachoka, halafu nikaanza kumtumia yule mwanamke chumvi. Kwa nini chumvi? Sijue. Huko Gishubi chumvi ilikuwa haba, na mi nilikuwa nayo. Leo na hii embargo, vitu haviingii mu nchi, hata mi sina. Alinitangulia kufa, nikaenda kumzika, nikalia kuliko ndugu zake. Maisha njo hivyo, si kitu unaweza kunyoosha kama shati.

Huyu wa Husni mi nimemzoea. Usikasirike. Kabla hujaenda na kaseti nilikuwa namsikiliza yeye kuliko gita. Sauti yake ni ya mtu maisha haijamuumiza. Na anafoka vizuri, Kadidja. Mtu akifoka hivyo iko na nyumba, iko na sufuria, iko na kitu anakilinda. Nikajiambia, bon, mtoto wangu hayuko njiani, hayuko porini, iko mahali mtu anamfokea. Nilianza kulala.

Juu ya kumfikishia maneno, nimefanya yale naweza. Wakija watu wanatoka makambi, nawaendea. Nawauliza, hamkuona mpiga gita, mrefu, sikio moja imekatika kidogo juu, mbwa alimuuma akiwa mtoto? Wote wanasema ndiyo wamemuona. Mmoja alimuona Ngara, mwengine Kigoma, mwengine anasema ni mfupi. Nawapa sabuni wanaenda. Mi najua wanataka sabuni. Lakini utamuuliza nani mwengine? Njia yenyewe siku moja imefunguka, siku ya pili imefungwa, na magoti yangu haifiki hata Magarama hapa karibu.

Rudisha kaseti. Nyumba imenyamaza sana.

Zuena. Dole ni yangu.

Dada Kadidja, hapa naandika mimi Béatrice mwenyewe, yeye anafikiri nawaandikia salamu. Mama ametenga kanga mbili mpya mu sanduku. Moja ni yako, ingine ni ya yule mwanamke wa kaseti, anasema siku wakirudi asikute mkono mtupu. Sasa anakula, zamani alikuwa hakuli. Kama fundi amekwambia kitu kibaya, pardon, fikiri mara mbili.


Gitega, tarehe 14 mwezi wa tisa 1997

Kadidja.

Nimeongea na mtu ametoka Muyinga, anasema uko mzima, amekuona unanunua mihogo. Basi mkono haukuvunjika. Kwa nini huandiki? Na kaseti yangu? Fundi huyo anatengeneza kaseti ama anaipika?

Anasema tena Radjabu amepaka nyumba yake rangi. Mtu anapaka nyumba rangi vita ikiendelea? Nani amemwambia apake? Kama umenichoka, niambie mi Zuena umenichoka, nijue. Nimefokewa na watu wakubwa kuliko we na sikufa. Lakini usininyamazie. Mwengine ananinyamazia tayari, inatosha.

Mimi, mama yako.


Muyinga, 12 Oktoba 1997

Mama, shikamoo.

Béatrice ameniahidi kwamba barua hii ataisoma yote. Béatrice, ukifika unapotaka kuruka, usiruke.

Kaseti iko pamoja na barua. Nimejua neno lake tangu mwezi wa sita. Nilikuwa naanza kuandika, nakumbuka zile kanga mbili, naiweka kalamu chini.

Saidi aliisikiliza akaniuliza, "Huyu bwana alikuwa anakaza nyuzi zake kwa kufuata nini?" Nikamwambia kwa kufuata radio. Unakumbuka, Mama. Saa ikifika kamili, kabla ya habari, alikuwa anatunyamazisha wote, hata wewe, ili asikie ile pi, pi, pi, na ile ya mwisho ndefu. Anakaza uzi wa pili mpaka uimbe pamoja na ile ndefu, halafu nyuzi nyingine anazifuatisha huo. Ndiyo maana kwenye harusi watu wa kinanda walikuwa wanagombana naye. Kinanda hakishuki wala hakipandi, na gita lake lilikuwa juu ya kinanda kidogo tu, nafasi ya unywele. Wakimwambia alegeze, anawajibu, "Nyinyi mna kinanda, mimi nina saa ya dunia nzima."

Saidi akacheka. Akasema, "Basi tumepata." Tukangoja saa saba ifike. Radio ikapiga ile pi ndefu, naye akawa tayari na kaseti, pale uzi wa pili unapolia peke yake. Havikupatana. Uzi wa kaseti ulikuwa juu, tena juu sana. Saidi akasema, "Gita si dogo, mama. Ni kaseti inakimbia. Huyu aliyerekodi, mapile yake, yaani betri, yalikuwa yanakufa. Mashine ilikuwa inavuta kaseti polepole, na mpigaji anapiga mwendo wake. Sasa mashine nzima ikiicheza, inaikimbiza, na sauti zote zinapanda." Akachukua bisibisi ndogo, akaiingiza kwenye tundu la mota, akaanza kupunguza mwendo, huku amefuata ile pi aliyoishika kichwani.

Gita likashuka, Mama. Likashuka mpaka likawa zito. Likawa lile.

Kisha nikamngoja yule mwanamke. Na yeye alishuka. Akawa si msichana. Akasema polepole, neno kwa neno: "Kassimu, toa mapile yako mu ungo wangu."

Ni wewe, Mama. "Wangu" ni ungo wako.

Saidi alidhani nalia kwa sababu ameharibu kaseti, akaanza kurudisha mwendo wa zamani.

Kwa hiyo haikupigwa Tanzania. Ilipigwa kwako, mlangoni, kabla ya vita, na gita lililovunjika Bugendana. Kassimu sijui ni nani, alikuja kabla sijaolewa au siku ambayo sikuwepo. Nafikiri alichukua sauti, akaenda nayo, watu wakarekodi kutoka kwake, na wengine kutoka kwao, mpaka imevuka mpaka na kurudi.

Sisemi Husni amekufa. Nasema kaseti haijui.

Sheikh nimemwambia. Miaka minne inatimia mwezi huu, na amesema naweza kuingia eda. Radjabu amenituma nikuulize wewe, si baba yangu. Amesema mwenye mtoto ni wewe. Basi nakuuliza. Usiponipa ruhusa siingii, na sitakulaumu. Lakini nina umri wa miaka thelathini, Mama, na sijui ninamngoja nani.

Kadidja


Gitega, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1997

Kadidja mwanangu.

Béatrice alisoma. Alifika kwa ungo akakunja barua, nikamwambia soma, akasema macho inamuuma, nikamwambia mi macho yangu haijui kusoma, soma na ile inauma. Akasoma. Halafu akasoma tena. Halafu akaenda nje kuosha sufuria ilikuwa safi.

Kassimu namjua. Alikuwa mtu wa Gishubi, anapita na radio kubwa begani kama amebeba mbuzi, anarekodi watu wanapiga na wanaimba, anaenda kuuza. Alikuja msimu ya maharagwe. Hakuwa na pesa ya mapile mapya, alikuwa na yale ya zamani tu, mengine mu radio, mengine anayaanika kwa jua yapate nguvu, na mahali kote pa kuanika hapa nyumbani akaona ungo wangu. Nilikuwa nimeuweka tayari kupepeta. Mapile yanatoa maji nyeusi, we unajua, mi nikafikiri ile maji itaingia mu chakula. Nikafoka. Husni akaendelea kupiga, anacheka na mabega. Njo hiyo. Ni kweli. We huko Muyinga umesikia kitu mi nilikuwa hapa nimekisahau.

Sasa angalia vile nilivyo mjinga. Yule msichana nilimuonea wivu siku ya kwanza. Siku ya pili nikamhurumia. Halafu nikamtafutia kanga. Nilikuwa namuombea baada ya kila swala, Mungu amlinde huko aliko asiumie. Buriya, kumbe najiombea mi mwenyewe wa zamani, kabla ya kuumia. Malaika mwenye kuandika hizo dua sijue ameziandika wapi.

Nilimwambia Béatrice aiweke kaseti. Mu radio yake bado inakimbia, maana fundi wako alitengeneza mashine yake yeye. Nikasikia. Sasa vile najua maneno, nasikia ungo, ungo, haisemi kitu kingine. Béatrice akauliza, mama, tupeleke na sisi kwa fundi aishushe? Nikamwambia acha. Hatukuiweka tena.

Umesema kaseti haijui. Mi usiku na mchana nimeshika hilo neno. Kaseti haijui, sheikh hajui, wale wa sabuni hawajui, mi mwenye kumzaa sijui. Nifanye nini? Niende Bugendana nichimbe? Bugendana ni mlima mzima, Kadidja, na kila mtu hapa iko na mtu wake pale. Nikianza kuchimba nitatoa watoto ya watu. Jana nilitoka mpaka barabarani, na kanga ya kwenda safari, na ndoo. Sijue ndoo ilikuwa ya nini. Nikasimama. Wanajeshi wakaniuliza unaenda wapi bibi, nikasema naenda kuteka maji, wakasema maji iko nyuma yako. Nikarudi.

Hapa majirani wameanza kusema nisome hitima ya Husni, wamesikia sijue kwa nani. Mi sisomi. Hitima ni ya mtu amekufa na mi sijaonyeshwa maiti, nimeonyeshwa shingo ya gita. Wakija na mikeka nitawafukuza. Mi na we hatuko mahali moja, mwanangu. We ulimpata mkubwa, na masharubu, unaweza kumweka chini uendelee. Mi sijue pa kumweka.

Lakini we umeniuliza kitu, na mtu akiulizwa anajibu.

Ingia eda.

Nimesema mbele ya Béatrice, na ameandika, na dole nimeweka, mtu yeyote asije kusema Zuena alikataa. Kaa eda yako vizuri, usichoke kabla ya siku kuisha, halafu olewa. Radjabu ni mtu mzuri. Ile habari ya mtungi niliisema juu ya hasira, ingawa mtungi ni kweli. Mwambie nimesikia kwamba ameniuliza mi kwanza, na kwamba mama yake alizaa mtu. Kanga zako mbili nazituma na Béatrice. Ndiyo, zote mbili ni zako, ile ingine haina mwenyewe.

Kitu kimoja tu. Siku ya ndoa usiniambie. Usinitumie mtu, usiniandikie, hata ikipita miezi, acha nijue tu kwamba imepita. Kwa sababu nikijua siku, mi najijua, nitaamka nipike. Nitapika pilau ya kuoza mtoto, na watu watakuja kuuliza, Zuena, nani anaoa hapa kwako?

Ni mimi
Zuena